Nafasi Mbili

Mkato ndio mkate wangu.
Mwaka wa kumi na tisa huu, ghorofa ya pili, Wrzeszcz, mjini Gdańsk,
juu ya duka la mchonga funguo,
nalipwa kwa ukurasa kuwinda vijidudu
asivyoviona mwandishi kwa kuwa ndiye aliyevizaa.

Programu nayo huchora mistari yake ya buluu
kama mtoto aliyepewa kalamu kanisani ili anyamaze.
Inajua kidogo. Haikujua
kwamba mkato ulioanguka katika mkataba wa Ijumaa
ungempa mpangaji gereji, na mbwa wa mwenye nyumba juu yake.
(Sisi tulicheka. Mwanasheria hakucheka.)
Haioni nukta iliyofungiwa nje ya mabano,
wala alama za mtajo: kwetu ya kufungulia hukaa chini,
miguuni pa neno, ya kufungia ndiyo hupanda juu,
na kuna mtu kila wiki anayezining'iniza zote mbili darini.

Februari ikaja faili ya Walenty Kosz,
fundi mstaafu wa kuchomelea meli, kurasa mia mbili na sita,
kumbukumbu kwa wajukuu, gharama juu yake mwenyewe.
Mikato kainyunyiza kama anayetia chumvi gizani.
Kabla ya "że", ambapo hata mtoto wa shule huuweka,
haupo; katikati ya jina lake, upo.
Na baada ya kila sentensi, nafasi mbili.
Pengine tatu.

Hakuna kosa rahisi kuliko hilo.
Tafuta: nafasi, nafasi. Badilisha: nafasi.
Programu ikajibu bila kupepesa,
mabadiliko elfu moja mia nne na kumi na mawili yamefanyika.
Kitabu kikapungua kurasa tatu.
Nikaenda kuchemsha chai.

Saa nane akapiga simu.
"Umefika kwenye moto?"
Bado, nikasema.
"Ukifika,     usiguse jina la kaka yangu.
     Liko sawa.     Halina nukta."
Na kati ya sentensi na sentensi nikasikia
kifua kikivuta hewa kwa deni,
filimbi nyembamba, miaka thelathini na mmoja ya moshi wa chuma,
moja,
mbili,
ndipo neno.

Chai ikapoa.
Kwenye kioo maneno yake yalisimama yamebanana
kama watu ndani ya lifti, kila mmoja akitazama viatu vyake.
Nikabonyeza tendua.
Zikarudi zote, elfu moja mia nne na kumi na mbili,
na zile za tatu tatu, ambazo sasa nilijua
ni ngazi, au ni Januari.

Mikato niliirekebisha yote. Kwa mkato sina huruma.

Ukurasa wa mia na kumi na minane:
injini inawaka, watu wanahesabiwa kwenye gati,
wanahesabiwa tena,
na aliyerudi ndani alikuwa Hubert

Hapo mstari umekatika. Kishale kinapepesa pembeni ya jina.
Programu imeshachora mawimbi yake ya buluu
na inanipa chaguo: kamilisha sentensi, ongeza nukta, puuza.
Kidole changu, chenye mazoea ya miaka kumi na tisa,
kilikuwa kimeshafika kwenye nukta.
Nikakirudisha.
Puuza.

Dobrosława, bosi wangu, aliuliza mara mbili kuhusu zile nafasi.
Nikamwambia ni matakwa ya mteja. Akaandika kwenye daftari lake
"matakwa ya mteja", akapiga mstari chini.

Wiki mbili baadaye bili yangu ikarudi kwa posta,
imelipwa, imekunjwa mara nne.
Baada ya "zł" nilikuwa nimeweka nukta,
na "zł" haiwekwi nukta, mtu yeyote anajua.
Ameizungushia duara kwa penseli nene ya kuwekea alama chuma,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka:
Bibi,     hapa.